Vinoo vya Muze

Mpaka leo nikimwona mtu ananoa kisu, macho yangu huenda kwenye jiwe kabla ya kwenda kwenye kisu. Wajukuu wangu wanadhani ni uzee. Si uzee, ni Muze. Nimeisimulia habari ya Muze mara nyingi, misibani na harusini, watu wakashika mbavu, na kila mara nimekiruka kipande cha mwisho. Leo nimeamua kutokiruka.

Ilikuwa miaka ya vijiji vya ujamaa, mwishoni mwa sabini. Mimi nilikuwa msichana wa Mbeya mwenye cheti cha maabara na domo la kuwatosha watu watatu. Serikali ikanipeleka Sumbawanga, na baridi ya Sumbawanga ilipomaliza kunitesa, wakaniteremsha bondeni, chini ya ukingo wa Ufipa, kwenye kambi ya watafuta madini ya urani karibu na Muze. Nililishukuru joto kwa siku mbili. Siku ya tatu nikaanza kuikumbuka baridi.

Bosi wetu alikuwa mjiolojia, mtu mrefu wa kaptula na soksi za kufika magotini, aliyesoma nchi za mbali akarudi na tabia ya kuyasemesha mawe. Mtu hakupata zaidi ya "habari za asubuhi" kutoka kwake, lakini jiwe liliweza kupata nusu saa. Siku niliyofika alinisimamisha juani akanieleza kwamba zamani sana bonde hili lilikuwa shimo refu, na mito ikashusha mchanga kutoka milimani, tabaka juu ya tabaka, mpaka mchanga wenyewe ukashikana ukawa jiwe. Urani ilisafiri humo ndani ya maji. Pale ilipokutana na miti na majani yaliyooza, ikakwama. Sisi tulikuwa tunaifuata huko ilikokwama, mbali chini ya miguu yetu.

Aliyeifuata hasa ni mtambo wa kuchoronga. Ulipiga kelele kutwa, ukakata mwamba na kuutoa juu vipande virefu vya mviringo, unene wa kifundo cha mkono. Wafanyakazi waliviita miche, kama miche ya sabuni, nami nitaviita hivyo hivyo. Kazi yangu ilikuwa kuipokea, kuiosha, kuilaza katika masanduku ya mbao kwa mfuatano ule ule iliyotoka nao ardhini, na kuandika kila sanduku limetoka kina gani. Halafu nafunika, napanga kwenye banda la makuti. Cheo changu kilikuwa mtunza sampuli. Nilikipenda. Nilikuwa nakitamka polepole ili kirefuke.

"Ndugu," bosi aliniambia, "hiki ni kitabu. Usinipotezee ukurasa hata mmoja."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi.

Nilipanga chumba kwa bibi mmoja mjane, mwembamba, mwenye macho makali na maneno machache. Yeye hakuwa mtu wa pale. Walimshusha kutoka mteremkoni wakati wa kukusanywa vijijini, mwendo wa saa mbili tu kwa miguu, lakini majirani walikuwa bado wanamwita mgeni. Alijitahidi sana asisemwe. Alifagia uwanja wake hadi mpaka wa jirani na kuuvuka kidogo. Akiazima chungu, alikirudisha kikiwa kisafi kuliko alivyokichukua, tena na kitu ndani yake. Mtu asiye na ukoo karibu, aliniambia mara moja, ana jina lake tu.

Msimu wa kuvuna mpunga katika shamba la kijiji ukamkuta na mundu butu. Kila adhuhuri mwenyekiti wa kijiji alisimama kwenye tuta na kuwataja kwa sauti waliobaki nyuma, kwa nia njema kabisa, ili kuwatia moyo. Siku nne mfululizo alimtaja bibi. Siku ya nne bibi alirudi nyumbani, akakaa mlangoni na ule mundu mapajani, akawa anausugua kwenye kipande cha chungu.

"Bibi, huna kinoo?"

"Nilikuwa nacho. Cha mama yangu." Akaendelea kusugua. "Tulihamishwa kwa lori. Mtu anabeba kuku, anabeba chungu. Nani anakumbuka jiwe?"

Pale Muze tope lilikuwa tele, mchanga tele, lakini jiwe zuri la kunolea lilitafutwa kama sukari. Nami nilikuwa na banda zima la mawe. Kesho yake nilichagua mche mmoja wa kijivu kilichokolea, wenye punje laini, urefu wa shibiri. Bosi alikuwa ameushika juzi yake, akaulamba kama kawaida yake, akasema "mchanga tu" na kuurudisha. Nikauingiza kwenye kikapu changu chini ya kitenge. Ukurasa mmoja, nikajiambia, tena usio na habari. Nilijisikia mkarimu sana, kama watu wanavyojisikia wanapogawa cha wenzao.

Jiwe lile, jamani, lilikuwa kinoo cha peponi. Mundu wa bibi ulikata mpunga hata kabla ya kuugusa. Wiki ile mwenyekiti alimtaja tena, safari hii kama mfano wa kuigwa, na bibi akarudi nyumbani akiimba puani. Mimi nikala wali wa nazi ambao sikujua nazi yake imetoka wapi katika bonde lile, na sikuuliza.

Akina mama wa Muze hawakuwa vipofu. Waliliona jiwe, wakaliazima, wakaligeuza geuza. Mviringo wa namna ile hautoki mtoni. Na kambini walikuwa wanaingia kila siku kutuletea kuni, maziwa na mayai. Mlinzi wetu alikuwa na rungu, filimbi na usingizi, na baada ya chakula cha mchana alibaki na usingizi peke yake.

Sasa hapa ndipo ninapowapendea watu wale. Mwizi wa kawaida angechukua jiwe akaacha pengo. Wao waliona aibu kuacha sanduku la watu likiwa na pengo. Kila aliyetoa mche alipima urefu wake kwa vidole, akatafuta gunzi la mahindi la urefu ule ule, akalipaka tope vizuri na kulilaza mahali pake, ili miche iliyobaki isitikisike. Nilipita mbele ya masanduku yale wiki tatu, nikanyanyua kifuniko cha hili na lile, nikaona safu zimenyooka, nikaridhika na utunzaji wangu.

Halafu wakateremsha kipimo ndani ya shimo. Ni kifaa kirefu kinachoshushwa kwa waya, kinasikiliza mionzi ya mwamba kila kinapopita. Kwa siku nyingi kilikuwa kimekaa kimya. Siku ile kilipofika mita mia na themanini na kitu, sindano ya mashine huku juu iliruka ikaenda kulala upande wa pili. Bosi akakishusha tena. Sindano ikaruka tena, pale pale. Nilimwona akivuta soksi zake, kwanza ya kushoto, kisha ya kulia. Alipiga simu ya upepo Sumbawanga, Sumbawanga wakapeleka habari Dar es Salaam, na jibu likaja kwamba wakubwa watafika Jumamosi kuliona jiwe lenyewe kwa macho yao. Lisipokuwepo la kuonyesha, mtambo uhamishiwe kwingine.

Tukaenda bandani tukikimbia. Nikamfunulia sanduku lenyewe kwa madaha, kama bibi harusi anavyofunuliwa. Bosi akaingiza mkono akachukua mche wa kwanza. Ukavunjika. Akachukua wa pili, akaukwangua kwa kucha. Akaunusa.

"Ndugu mtunza sampuli," alisema taratibu, "mita mia na themanini chini ya ardhi kulikuwa na shamba la mahindi?"

Katika sanduku lile mche mzima ulikuwa mmoja, mengine yote magunzi. Bosi alikaa kwenye kigoda, akatazama makuti ya dari. Tabaka lenye urani halikuzidi urefu wa mkono, alisema, na juu yake hasa, pale penye nguvu kuliko pote, kulikuwa na kipande kimoja alichowahi kukishika mwenyewe akakidharau. Cha kijivu. Urefu wa shibiri.

Nikaanza kuyaokota magunzi.

"Wizi huu umeanzishwa na mtu mmoja," akaendelea. "Wengine wamemwiga. Wakirudisha, nitawasamehe wote. Huyo wa kwanza simsamehe. Hii ni mali ya umma. Huyo nitampeleka Sumbawanga mwenyewe akajieleze kwa nini anahujumu nchi."

Maneno yale miaka ile hayakuwa ya mchezo. Niliona cheti changu cha maabara kikichanika, nikamwona baba yangu kule Mbeya akisoma barua. Nikasema, "Ndiyo, Ndugu."

Akanikabidhi mashine ndogo ya mkononi, ile inayotatarika kama bisi kikaangoni inapokaribia jiwe la namna ile, akaniambia nipite nyumba kwa nyumba kwa kuwa watu wamenizoea. Ndivyo mwizi alivyopewa kazi ya kumtafuta mwizi.

Nilitembea na mwenyekiti. Yeye ndiye aliyekuwa mbele akitangaza. Sikumfundisha maneno, Mungu shahidi. Mimi nilimweleza mambo ya mionzi, naye akawaelezea watu kwa namna aliyoelewa: "Ndugu wananchi, mashine hii ya serikali inaona kilichofichwa." Ningeweza kumsahihisha. Lakini lilikuwa joto, na nilitaka kuona kitakachotokea.

Nyumba ya kwanza mashine ilitatarika kidogo, mama akatoa kinoo kutoka chini ya mtungi, vizuri. Nyumba ya pili mashine ilinyamaza kabisa. Mwenye nyumba alinitazama, akaitazama mashine, akaanza kutoka jasho. Kisha akaingia ndani akatoka na majembe sita ya kijiji, mapya, bado yana mafuta ya kiwandani, yale yaliyosemekana kusombwa na mafuriko.

"Nilikuwa nayatunza," alisema.

"Vizuri sana," nilimwambia, nikaisogeza mashine karibu na mlango wake tena. Akaleta na la saba.

Kutoka hapo habari ilitutangulia. Tulikuta vitu vimeshatolewa nje vinatusubiri. Mbuzi wa kijiji aliyeliwa na chui mwaka uliopita tulimkuta nyuma ya jiko moja akitafuna, amenenepa, na mwana pembeni. Mhudumu wa duka la kijiji, ambaye kwa miezi miwili alikuwa anatuapia kwamba sabuni haijafika mkoani, alileta katoni mbili kichwani mwenyewe bila kuitwa. Mzee mmoja alinipokea kwa heshima zote, akanikalisha, kisha akaungama kwamba aliwahi kusogeza alama ya shamba la kaka yake. Kaka yake alikuwa marehemu. Nilimwambia mashine imelipokea hilo, aende salama.

Nyumba ya mwenyekiti ilipokaribia, mwendo wake ulipungua. Akasema kwake hakuna haja, tuwahi zahanati. Mashine ikakataa. Ilitatarika tangu barabarani. Mkewe alikuwa na vinoo vitatu, na nyuma ya vinoo vilikuwa magunia ya mpunga ambao kijiji hakikuwahi kuuona. Tulisimama pale, mimi na kiongozi wangu, tukitazama magunia.

"Ndugu," aliniuliza kwa sauti ya chini, "hiyo inaandika majina?"

"Inakumbuka tu," nilimjibu. Nakiri sijawahi kufurahia kazi kama siku zile mbili.

Furaha yangu ilikuwa na kiporo chake, na nilikijua. Kila mama niliyemuuliza kinoo kakijulia wapi alisema kakiona kwa jirani. Nikienda kwa jirani, naye ana jirani. Safu ile ilikuwa inanyooka taratibu kuelekea kwenye uwanja uliofagiwa kupita mpaka wake. Mara mbili tulifika mlangoni kwa bibi, na mara mbili nilimwambia mwenyekiti, "Hapa ninalala mimi, nimeshapima." Jioni, tukila, nilisubiri bibi aniulize. Hakuuliza. Nilijiambia kwamba nitachukua jiwe kimya kimya, nitaliweka sandukuni, na hakuna atakayejua. Lakini alikuwa analibeba shambani asubuhi na kulirudisha kifuani, kwenye kanga. Nilikosa sura ya kumwomba.

Ijumaa bosi alikuja mwenyewe. Miche yote ilikuwa imerudi ila ule wa shibiri. Akauliza nyumba ipi haijapimwa, na mwenyekiti, mwenye kinyongo chake cha magunia, akaonyesha kwa kidevu.

"Nimeshapima," nikasema.

"Pima tena."

Bibi alikuwa uwanjani anapepeta. Mashine ilianza kutatarika kabla sijafika. Bosi akamwamkia kwa adabu, "Shikamoo, Bibi," akaitikiwa, akauliza kuhusu jiwe. Bibi akaweka ungo chini, akalitoa kwenye kanga, akalishika kwa mikono miwili.

"Hili ulilipata wapi?"

Bibi akanitazama. Hakunitazama kwa hasira wala kwa kusihi. Alinipa nafasi tu, nafasi ndefu, kama unavyomwachia mtu mlango apite. Maneno yaliyotakiwa yalikuwa mawili: nilimpa mimi. Mimi mwenye domo la kuwatosha watu watatu. Nikakohoa.

"Nililichukua," bibi alisema.

Bosi alikuwa na wageni njiani na jiwe lake mkononi. Hakutaka tena safari ya Sumbawanga wala polisi. Aliagiza tu kwamba kesho, mbele ya baraza, bibi asimame aombe radhi ili iwe fundisho. Lilionekana jambo dogo. Nililala nikijipongeza kwamba limeisha kwa udogo huo.

Wakubwa walifika Jumamosi na Landrova mbili, wamefunikwa vumbi la mteremko mpaka kope. Bosi akawaonyesha tabaka lake, miche imepangwa upya kwenye sanduku, yote ina mifereji ya miundu. Mkubwa mmoja akapitisha kidole kwenye mfereji, akauliza kwa makini kama ni alama za maji ya kale. Bosi akavuta soksi. Akasema inawezekana.

Baada ya hapo likaanza baraza. Walikuwepo wa majembe, wa mbuzi na wa sabuni, wamekaa mbele, nguo safi, wamefurahi kupata mwizi aliye mwizi kuliko wao. Mwenyekiti akamwita bibi. Alisimama katikati, amejifunga kanga yake nzuri, akasema, "Nimekosa. Naomba radhi kijiji." Nyuma mtu akacheka. Mwingine akasema si ajabu, mgeni ni mgeni. Nilimwona bibi akilisikia neno hilo.

Nikasimama. Sikupanga. Nikasema kwa sauti kwamba bibi hakuiba, jiwe nililitoa sandukuni mimi, nikampa mimi, kosa lote ni langu.

Mwenyekiti akaanza kupiga makofi.

"Mmeona, ndugu zangu," alisema. "Binti wa watu, anakaa kwa huyu mama, yuko tayari kuibeba aibu yake kama ya mama yake mzazi. Huo ndio undugu tunaouhubiri."

Kijiji kizima kikapiga makofi. Nikasema, nasema kweli. Wakapiga zaidi. Mmoja wa wakubwa akainama kwa bosi kumuuliza jina langu. Bosi akanivuta mkono nikae. "Inatosha," alininong'oneza. "Umesema vizuri." Nadhani yeye alinisadiki. Nadhani pia kwamba hakutaka.

Tulirudi nyumbani bibi mbele, mimi nyuma. Mlangoni akageuka.

"Jana wangekuamini," alisema, akaingia kupika.

Miezi miwili baadaye mtambo ulihamishwa. Urani ilikuwepo, ila kidogo, na mbali mno chini, walisema. Mimi nilipata barua ya sifa iliyotaja uaminifu na moyo wa kujitolea. Bibi alibaki na jina. Walimwita mwizi wa jiwe, kwanza kwa utani, halafu kwa mazoea, na majirani waliacha kumwazima vyungu. Sijui mikono yake ilipata nini kwa jiwe lile, wala ya wale wengine. Bosi alituambia kwa kiasi kile halidhuru, nami sikuwa na namna ya kujua.

Kabla ya kuondoka nilipanda Sumbawanga, nikatafuta maduka yote ya barabara kubwa, nikapata kwa mfanyabiashara mmoja kinoo cha kweli, cha dukani, kimefungwa kwenye karatasi. Nikakibeba mapajani safari nzima ya kuteremka. Nilimkuta bibi amekaa mlangoni.

"Shikamoo, Bibi. Nimekuletea."

"Marahaba." Akakitazama kwenye karatasi yake. Aliona ni kizuri, nilijua aliona. Mikono yake ilibaki mapajani.

"Waite majirani kwanza," alisema. "Wakuone unanipa."

Nikakiweka chini, nikaenda kuwaita.